Yatokanayo: Kipengele Kisichopigiwa Makofi katika Baraza la Madiwani

(Mhadhara uliotolewa jioni katika ukumbi wa maktaba, mbele ya walimu, wanafunzi wa uongozi wa umma, madiwani na wakazi wa mitaa ya jirani. Umechapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa pale sentensi zilipohitaji kunyooshwa.)

      

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie uongozi bora. Nilijibu kwa heshima kwamba uongozi bora una wasemaji wengi, na wengi wao wanalipwa vizuri kuliko mimi. Nikaomba niseme juu ya kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa vikao katika halmashauri moja ya manispaa, pembezoni mwa jiji. Jina silitaji, baadhi ya niliofanya nao kazi bado wapo, na mimi mwenyewe bado napita ofisini kwao kufuatilia karatasi zangu za kustaafu. Kazi yangu ilikuwa kuandaa makabrasha, kuhesabu akidi, kuandika nani kasema nini, na kuhakikisha chai inafika kabla waheshimiwa hawajaanza kutazama saa.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba baraza la madiwani hupata nguvu au hupoteza nguvu katika kipengele kimoja cha ajenda, ambacho wajumbe wengi hukitumia kwenda msalani: yatokanayo na mkutano uliopita. Mkazi asiyekijua kipengele hicho humkimbilia diwani wake barabarani, akapewa ahadi barabarani, na ahadi ikabaki huko huko barabarani.

Nina hoja tano. Hazilingani urefu, na nawaomba msinidai ulingano.

Hoja ya kwanza: baraza lilianza kama daftari

Walimu wa Kiswahili mliopo mtanisahihisha. Neno diwani asili yake ni Uajemi, nalo lilipita Uarabuni kabla ya kutufikia sisi. Huko lilikotoka lilikuwa na maana ya daftari la hesabu na orodha, kisha ofisi yanakotunzwa madaftari hayo, kisha watu wanaoketi kuyajadili. Pwani yetu ililipokea kwa mikono miwili na kulipa kazi mbili. Kule Vumba, karibu na ulipo leo mpaka wa Kenya na Tanzania, mtawala aliitwa diwani. Na mshairi aliyekusanya tungo zake katika kitabu kimoja, kitabu hicho nacho ni diwani.

Kuna mtu mmoja aliyezivaa maana zote mbili. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Wengi wa Arusha wanalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa mpira. Mimi huwa namfikiria akiwa mezani na kabrasha mbele yake. Mtu aliyekuwa akihesabu mizani kwa vidole hawezi kuruka kipengele cha ajenda. Sina ushahidi wa hilo, ni hisia ya karani tu.

Sasa tazameni ajenda yenyewe. Baraza la kawaida hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, ndiyo maana watu wa halmashauri husema "baraza la robo". Mkutano hufunguliwa kwa dua, wajumbe wakaridhia ajenda, ukathibitishwa muhtasari wa mkutano uliopita. Hufuata yatokanayo. Baadaye huja maswali ya papo kwa papo, taarifa za kamati za kudumu, salamu za wageni, na kufunga. Mahali pengi kazi hugawanywa siku mbili: ya kwanza ni ya taarifa za kata, kila diwani akisimama kueleza ya kwake, na ya pili ni ya taarifa za kamati.

Wanafunzi hupenda kuniuliza kwa nini mkutano upoteze nusu saa kuthibitisha karatasi ya mkutano uliokwisha. Jibu ni kwamba diwani mmoja mmoja hana amri juu ya mtu yeyote. Hawezi kumwagiza mhandisi, wala kutoa shilingi kwenye akaunti. Meya naye, pamoja na mkufu wake shingoni, ni mwenyekiti wa kikao. Anayetekeleza ni Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, na ambaye ndiye katibu wa baraza hilo hilo. Kitu pekee kinachomfunga Mkurugenzi ni azimio lililoandikwa na kuthibitishwa. Diwani aliyenguruma dakika ishirini bila kuomba kauli yake iwe azimio, kwenye muhtasari wangu alikuwa mstari mmoja: "Mjumbe alichangia."

Nchi hii imewahi kujaribu kuishi bila vikao hivyo. Mwaka 1972 ulitangazwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zikavunjwa, na kazi zake zikabebwa na watendaji wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kusogeza maendeleo vijijini. Mijini, mitaro iliziba na barabara zikachimbika, hakuna aliyekuwa na kazi maalumu ya kukumbuka taka. Mwaka 1977 kipindupindu kikalipuka nchini. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikaja sheria ambazo mpaka leo ndiyo mhimili wetu: Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya, Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, na Sura ya 290 kwa fedha. Dar es Salaam ilionja tena. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996, Tume ya Jiji ikashika usukani hadi mwaka 2000, zilipoanza manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Ubungo na Kigamboni zikamegwa baadaye. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji, iliyokuwa imekaa juu ya manispaa bila kuwa na eneo lake yenyewe, ikavunjwa kwa mara nyingine, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Kila ilipovunjwa, watumishi walipata vituo vipya na majengo yakapata vibao vipya. Orodha ya mambo yaliyokuwa yakisubiri majibu ndiyo iliyokuwa haina pa kwenda.

Hoja ya pili: yatokanayo ndipo ahadi hupona au hufa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipotendea dhambi zangu.

Yatokanayo huandikwa kwenye jedwali. Safu ya kwanza ni azimio, ya pili ni utekelezaji. Safu ya pili ndiyo iliyokuwa ikinipa tabu. Wakuu wa idara walichelewa kuleta majibu, kabrasha linatakiwa kuwafikia wajumbe siku kadhaa kabla ya mkutano, na mimi niko na mashine ya kurudufu inayokula karatasi. Basi nilikuwa nafungua jedwali la robo iliyopita, nanakili jibu lake, nabadili tarehe. Kuna majibu ambayo hayachachi: "Mchakato unaendelea." "Suala lipo kwenye hatua za mwisho." "Utekelezaji utafanyika fedha zitakapopatikana." Naona waheshimiwa mnacheka. Mnayajua.

Katika kata moja kulikuwa na korongo linalotenganisha mitaa miwili. Shule iko upande wa pili. Kiangazi watoto hushuka na kupanda kama mbuzi, masika yakija huzunguka mpaka barabara ya lami, mwendo wa saa nzima. Baraza likaazimia kijengwe kivuko cha waenda kwa miguu. Robo ya kwanza jibu lilikuwa: upembuzi unafanyika. Robo ya pili: upembuzi umefanyika. Robo ya tatu: mchakato unaendelea. Ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, mchakato ule ule, na tarehe mpya niliyoigonga mimi.

Kulikuwa na mama mmoja, diwani wa viti maalumu. Kwa wageni wa mambo haya: mbali na madiwani wa kata na wabunge wa majimbo, baraza lina wanawake wa viti maalumu wasiopungua theluthi ya wajumbe hao. Barazani huwa wapo wanaowatazama kama wajumbe wa kukaribisha wageni. Mama huyu alikuwa akija na kikapu cha ukili, na sisi makarani tulidhani anapitia sokoni. Robo ya nane, Mstahiki Meya alipouliza kama kuna hoja kwenye yatokanayo, huku akiwa ameshageuza ukurasa, mama akasimama. Akasema: "Mstahiki Meya, naomba nisome." Akatoa kabrasha la kwanza kikapuni. Akasoma safu ya pili. Akalilaza mezani, akatoa la pili. Alisoma yote saba, taratibu, bila neno lake hata moja katikati, kisha akaketi.

Ukumbi ulinyamaza hadi tukasikia feni. Meya akamgeukia Mkurugenzi, Mkurugenzi akamgeukia mhandisi, mhandisi akamtazama mtu wa mipango, na mtu wa mipango akafungua kitabu cha bajeti. Kivuko hakikuwamo. Hakikuwahi kuwamo hata siku moja. Miaka miwili karibu, jambo lilikuwa likiishi kwenye muhtasari peke yake, halina kifungu, halina hata shilingi, na kila robo tulikuwa tukiliandikia kwamba linaendelea.

Sikumwona mtu aliyekula hela. Wala hapakuwa na mgomo. Ilikuwa ni jedwali lililonakiliwa, na kila aliyekuwa na nafasi ya kuuliza alikuwa amekwisha kugeuza ukurasa. Kivuko kiliingizwa kwenye bajeti iliyofuata, na kikajengwa: cha zege, imara, kina reli ya kushikia upande mmoja. Reli ya upande wa pili, siku ninastaafu, ilikuwa kwenye yatokanayo.

Jambo likishindikana kwenye yatokanayo halifi, huhama. Wakazi wa Tabata walichoshwa na jalala la jiji, moshi usiku na mchana, wakaenda mahakamani. Ilikuwa mwaka 1988, mwaka ule ule ambao haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 zilianza kutumika mbele ya majaji. Halmashauri iliamriwa kuacha kumwaga taka pale, ikarudi kuomba iongezewe muda. Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akakataa. Alikumbusha haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14, na akastaajabu mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuhatarisha watu. Unadhani somo likaingia? Malori yakapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi nao wakafungua shauri, nao wakashinda. Baadaye jalala likawa Vingunguti, likawa Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Mimi nikiyatazama majina hayo kwa jicho la karani, naona azimio moja, "tafuta mahali pa kudumu pa kumwaga taka", likizungushwa jiji zima kwa miongo kadhaa, kila mara likiwa na jina la mtaa mpya kwenye safu ya pili.

Hoja ya tatu: chungu hupikwa kamatini

Hii ni fupi. Mambo mengi yanayofika barazani yamekwisha kuiva. Kamati ya Fedha na Uongozi hukaa kila mwezi. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ile ya huduma za jamii yenye elimu na afya, ya Kudhibiti UKIMWI, hizo hukaa kila robo. Huko ndiko diwani huketi karibu na mkuu wa idara, bila joho wala waandishi wa habari, na huuliza swali la kijinga bila kuona aibu. Mradi wa ujenzi wa zahanati hukaguliwa na kamati, si na baraza. Viporo na maboma, yaani majengo yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi yakabaki kuta bila paa, huorodheshwa huko.

Kwa hiyo ukitaka kumpima diwani wako, usihesabu mara alizoonekana akizungumza. Uliza yuko kamati gani, na kamati hiyo ilikagua nini robo hii. Akikujibu bila kufikiri, una diwani.

Hoja ya nne: nusu ya tunayodai baraza hayapo mikononi mwake

Kata za pembezoni zina watu kuliko tunavyodhani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Manispaa ya Ubungo peke yake, yenye Kimara, Mbezi, Goba na Kibamba, ilikuwa na watu 1,086,912, zaidi ya mkoa mzima wa Njombe. Wengi wamehamia kwa kununua kiwanja kwa karatasi ya serikali ya mtaa, wakajenga kwanza, barabara wakaitafuta baadaye. Matokeo yake ni kwamba robo tatu ya maswali kwa diwani wa pembezoni ni barabara. Hesabu hiyo ni yangu ya kukadiria, msiiandike popote.

Na barabara si zake. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa chini ya halmashauri zilihamishiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Baraza linaweza kumwita meneja wa TARURA aje atoe taarifa, likaomba, likasisitiza, likalalamika. Haliwezi kuliagiza greda liende mtaa gani. Mimi siwezi kusema uamuzi ule ulikuwa mbaya. Wataalamu waliokuwa wametawanyika walikusanywa, na fedha zikapata mlango mmoja. Lakini mkazi hakuambiwa. Bado anamfuata diwani na picha za madimbwi kwenye simu.

Kodi ya majengo ni hadithi kama hiyo. Ilikuwa ikikusanywa na halmashauri. Mwaka 2016 ikapelekwa Mamlaka ya Mapato. Tangu mwaka 2021 tunalipa tukinunua umeme wa LUKU, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka 2023 shilingi 1,500. Ukusanyaji umerahisika mno, nakiri, hakuna tena kijana wa manispaa anayebandika notisi mlangoni. Ila mpangaji ndiye mara nyingi anayenunua umeme, na mwenye nyumba ndiye anayedaiwa. Nyumba ngapi hapa zimegombana kwa ajili hiyo? Na ule uzi uliokuwa ukiunganisha kodi ya nyumba yangu na mtaro ulio mbele ya nyumba yangu umekatika. Nikilipa sijui nimemlipa nani, basi sijui nimdai nani.

Nini kimebaki? Kimebaki kingi. Kuna ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya makampuni. Kuna leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko na machinjio, ada za taka. Kuna shule za msingi na sekondari za kata, zahanati, vituo vya afya, mipango miji, urasimishaji wa makazi. Na kuna ile asilimia 10.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Zamani ulikuwa mwongozo tu, na halmashauri zilitenga zilipojisikia. Mwaka 2018 ikawa sheria. Chukulieni mfano wa halmashauri yenye shilingi bilioni 20 za kuhesabiwa: bilioni 2 zinakwenda kwa vikundi, milioni 800 kwa wanawake, milioni 800 kwa vijana, milioni 400 kwa wenye ulemavu. Si fedha za kuchezea. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya kugundulika vikundi hewa na marejesho yaliyopotea, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mimi niliona vikundi vikiorodheshwa kwenye makabrasha kwa majina mazuri sana, Amkeni, Tuinuane, Umoja ni Nguvu, na kwenye safu ya marejesho pakiwa peupe. Vikundi vile vilipita mtaani, vikapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, vikapita kamati ya fedha. Milango mitatu! Na kila mlango uliamini kwamba mlango uliotangulia umekagua.

Hoja ya tano: kuna benchi nyuma ya ukumbi

Mikutano ya baraza ni ya wazi kwa umma. Ni sheria, si hisani ya Meya. Kamati hukaa faragha, na baraza lenyewe laweza kugeuka kamati likijadili nidhamu ya watumishi, hapo wageni hutoka. Muda uliobaki, benchi la nyuma ni lako. Katika miaka yangu yote, walioketi pale walikuwa waandishi wa habari wawili watatu, madereva wa waheshimiwa, na mzee mmoja aliyekuwa akifuatilia kiwanja.

Ibara ya 146 ya Katiba inataja kusudi la kuwapo kwa serikali za mitaa: kupeleka madaraka kwa wananchi. Wenzetu wa Kenya, baada ya Katiba ya 2010, walizifuta kabisa halmashauri zao za miji mwaka 2013 na kuweka kaunti na wawakilishi wa wadi, na ushirikishaji wa umma wakauandika ndani ya Katiba. Huko mtu hufungua kesi kwa sababu hakuulizwa. Huku kwetu huulizwa, tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, likanyeshewa, likabanduka.

Nitoe mfano wa sheria ndogo, kwa kuwa ndizo zinazomgusa mtu kabla ya sheria yoyote kubwa. Ada ya taka kwa genge la nyanya, faini ya kuosha gari barabarani, saa za kufunga baa, ushuru wa maegesho, vyote ni sheria ndogo. Halmashauri hutunga rasimu, hutangaza ili wakazi watoe maoni au mapingamizi, baraza hupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Huandikwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha kueleweka kabisa. Kipindi cha maoni ndipo mahali ambapo mama wa genge ana sauti sawa na mwenye hoteli. Nakumbuka rasimu moja ya ada za taka iliyopata maoni mawili kutoka manispaa nzima. Moja lilikuwa la kampuni ya kuzoa taka, ikiomba ada iongezwe. La pili lilikuwa la mzee wa kiwanja.

Mgambo walipoanza kukamata watu, ndipo ukumbi wa diwani ulipojaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unanionyesha saa. Namalizia.

Sikuja kuwaomba mkafanye maandamano wala muunde chama. Najua watu wana kazi, na baraza hukaa siku za kazi asubuhi, jambo ambalo waheshimiwa mliopo mngeweza kuliwekea hoja hata kesho. Ninachopendekeza ni kidogo, na nimekwisha kuzungumza na walimu wawili hapa kuhusu hilo. Kila mtaa upate mtu mmoja mwenye daftari la shule la kurasa 96. Alichore safu tatu: kilichoazimiwa, tarehe, na jibu lililotolewa. Aombe nakala ya muhtasari ukishathibitishwa, kwa mtendaji wa kata au kwa diwani. Kila robo ajaze safu ya tatu tu, bila matusi na bila maoni. Wanafunzi wa uongozi wa umma wanahitaji mazoezi ya vitendo, na kwa miaka kadhaa nimeona wakipelekwa kuhesabu mafaili masijala. Hii ingewafaa zaidi. Baada ya robo nne mtakuwa na kikapu chenu.

Na kwa kuwa nimewasema wengine, nianze na mimi. Nimemwomba katibu wa jioni hii aandike maswali yenu yote, na jina la aliyeahidi kuyajibu. Tukikutana tena robo ijayo, kabla ya mhadhara wowote, tusome muhtasari huo, tuuthibitishe, twende yatokanayo. La kwanza kwenye orodha nimeliandika mwenyewe, na Jumanne nitapanda daladala kwenda kulifuatilia: reli ya upande wa pili.

 Sasa maswali.